Rafu ya Komedi za Mapenzi na Ahadi Isiyotimizwa

Kwa miezi kadhaa nimekuwa mteja wa huduma moja ya kutazama filamu mtandaoni, na sehemu ninayoifungua mara nyingi zaidi ni ile iliyoandikwa "Komedi za Mapenzi". Picha ni safi, tafsiri za maandishi huenda sambamba na mazungumzo, na filamu haikatikikatiki. Katika hayo sina malalamiko. Kasoro imo katika lebo yenyewe.

Anayechagua komedi ya mapenzi hatafuti kicheko pekee, bali anataka dhamana kwamba wale wawili, hata wakikosana namna gani, watapatana kabla filamu haijaisha. Matarajio hayo ni ya zamani mno, kwani hata tamthilia nyingi za Shakespeare zinazoitwa komedi huishia kwenye ndoa, ingawa njiani mna fedheha na machozi ya kutosha. Kwa hiyo lebo hii, tofauti na nyingine nyingi, humwambia mtazamaji mwisho wa hadithi kabla hajaianza.

Ndani ya rafu hiyo niliikuta (500) Days of Summer ya mwaka 2009, ambayo msimulizi wake hutamka waziwazi mwanzoni kwamba hii si hadithi ya mapenzi. Summer, msichana wa hadithi hiyo, naye humweleza mapema Tom, kijana anayempenda, kuwa hatafuti uhusiano wa kudumu, lakini Tom husikia kile anachotamani kusikia. Nami, kwa kuwa nilikwisha kuiamini lebo, nilirudia kosa la Tom bila kujitambua: nilikaa nikingoja mapatano ambayo filamu haikuniahidi hata mara moja. Sikuikasirikia filamu, ambayo ni nzuri na ya kweli, niliikasirikia rafu.

Kuna jambo zito zaidi. The Apartment ya mwongozaji Billy Wilder, iliyotoka mwaka 1960 na kushinda tuzo 5 za Oscar, ikiwamo ya filamu bora, inachekesha kwa werevu ambao ni nadra kuuona. Hata hivyo, katikati yake mwanamke aliyevunjwa moyo na bosi mwenye mke hunywa vidonge vya usingizi kwa nia ya kujiua. Muhtasari niliousoma ulitaja karani mpole na mwendeshaji wa lifti, basi. Aliyefiwa na mtu kwa namna hiyo, akafungua filamu ili apumzishe akili, ametendewa isivyo haki.

Tusidhani kwamba ni mashine za kupanga filamu pekee zinazoteleza: mwaka 2016 waandaaji wa tuzo za Golden Globe waliipa The Martian, hadithi ya mwanaanga aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mirihi, tuzo ya filamu bora ya kuchekesha au ya muziki.

Lebo hiyohiyo huwadhulumu pia wale wasioifungua rafu kabisa, wakiamini kwamba humo mna vipusa na harusi tu, hali wangeipenda The Apartment kama wangeikuta mahali pengine.

Kinachonisaidia ni maneno mafupi ambayo huduma hiyo huyaweka chini ya baadhi ya filamu, kama vile "ya huzuni" au "ya taratibu", kwa kuwa hayo hueleza hali ya filamu badala ya kuahidi mwisho wake. Bahati mbaya, filamu nyingi hazina. Ninatoa nyota 3 kati ya 5, na ya nne nitaiongeza siku The Apartment itakapowekewa tahadhari.