Tahadhari Kisumu: "chuo kikuu cha wikendi" kinachopokea karo kwa Till ya M-Pesa

Wenzangu mnaofikiria kurudi shule mkiwa watu wazima, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Hapa Kisumu kuna watu wanaosajili wanafunzi wa masomo ya jioni na wikendi kwa jina la chuo kikuu ambacho hakiwajui kabisa. Mimi wamenila 39,000. Nitaeleza yote, kwa hivyo nivumilieni ikiwa ndefu.

Aibu yangu niitoe mapema. Mimi ni wakala wa M-Pesa. Mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye kibanda changu karibu na soko la Kibuye, na kila siku namwambia mtu, "Mama, soma jina kwanza ndio uweke PIN." Kuna mzee niliwahi kumshika mkono akiwa karibu kutuma pesa ya ng'ombe kwa mtu aliyejifanya afisa wa kaunti. Halafu mimi mwenyewe nikaingia mzima mzima. Kwa hivyo wewe unayetaka kuja hapa chini na "wajinga ndio waliwao", usijisumbue, nimeshajiambia mara nyingi.

Bango lilibandikwa kwenye nguzo ya stima kule Kondele. Masomo ya kujiendeleza, jioni na wikendi. Umri si hoja. C plain karibu.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninasa. Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2002 nikapata C plain, na digrii inataka C+. Hiyo alama moja imenikaa kooni tangu nikiwa msichana, na hawa watu wanajua tuko wengi. Hawamwindi aliyepata A. Wanamwinda aliyekosa kidogo tu, akaolewa au akaajiriwa, na hajawahi kuacha kufikiria.

Nikapiga. Akashika kijana mwenye sauti ya upole, "Madam" kila baada ya maneno mawili. Akasema chuo kimelegeza masharti kwa waliopita miaka 25, kwamba kazi yangu ya M-Pesa itahesabiwa kama masomo, na nitaingia moja kwa moja mwaka wa pili. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya saiba, duka la intaneti. Meza, bendera ndogo, muhuri, kalenda ya chuo ukutani. Fomu ilikuwa 1,000. Siku tatu baadaye nikaitwa kuchukua barua ya kujiunga, yenye nembo ya chuo na nambari yangu ya usajili, na hapo nikatoa 3,500 ya "uthibitisho". Karo ya muhula nikaambiwa ni 54,000, lakini anayelipa kabla ya Ijumaa analipa 32,000. Nikavunja akiba, nikalipa Alhamisi.

Jina la chuo sitalitaja kwa sababu hakijanikosea. Kimeibiwa nembo kama mimi nilivyoibiwa pesa.

Sasa, tapeli wa kawaida akishapokea pesa huzima simu. Hawa walitufundisha! Jumamosi tano tulikaa kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, watu kama arobaini: walinzi, walimu wa chekechea, mama mmoja anayeuza omena kule Dunga, kinyozi aliyekuwa akichelewa kila wiki kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa. Mwalimu wa uhasibu alikuwa anajua kazi. Nilielewa upande wa kulia na wa kushoto wa daftari kwa mara ya kwanza maishani, na mpaka leo hesabu zangu za floti, ile pesa ya kuhudumia wateja, nazipanga alivyotuonyesha. Nikimfikiria sasa naona huenda naye alikuwa akilipwa kwa siku bila kujua yuko wapi. Hilo nawaachia wapelelezi. Ninachotaka mshike ni kwamba kuwepo kwa darasa si ushahidi wa kuwepo kwa chuo.

Wiki ya sita tukaambiwa hakuna kufanya mtihani bila kadi, na kadi ni 2,500. Nikatoa. Mlinzi mmoja wa darasa letu hakuwa nayo, akaenda sacco yake kuomba mkopo wa karo akiwa na stakabadhi tulizopewa. Afisa wa sacco akaziangalia akamuuliza swali moja tu: hii pesa ulilipa kwa akaunti gani? Mlinzi hakujua, akaja kibandani kwangu na simu yake ili mimi, mtu wa M-Pesa, nimsaidie kuitafuta hiyo akaunti.

Nilipofungua ujumbe wake nikahisi miguu inaisha nguvu. Hakukuwa na akaunti. Ilikuwa Till. Nikafungua wangu: Till ile ile.

Hapa niwaeleze kama ninavyowaeleza wateja, kwa sababu ndilo jambo lililonileta kuandika. Ukilipa kwa Paybill, simu inakuuliza nambari ya biashara, kisha nambari ya akaunti, kisha kiasi. Ukilipa kwa Till inakuuliza nambari ya Till na kiasi, basi. Till imetengenezwa kwa duka: unanunua unga, muuzaji yuko mbele yako, anaona pesa imeingia, mnaachana. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi kinahitaji kujua hizi 32,000 ni za nani, na njia ya kujua ni ile nambari ya akaunti, ambayo kwa kawaida ni nambari yako ya usajili. Anayekwambia ulipe karo kwa Till kisha umtumie picha ya ujumbe kwa WhatsApp anakwambia, kwa lugha nyingine, kwamba hakuna daftari lolote mahali jina lako linaandikwa. Nililijua hili miaka kumi na moja. Siku ya kulipa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa na neno "Campus" ndani yake, na moyo ukaridhika kabla akili haijafika.

Sisemi kila Paybill ni salama, maana tapeli naye anaweza kuipata. Nasema nambari ya malipo uitoe kwenye tovuti ya chuo chenyewe au kwenye barua uliyoichukua kwa mkono wako ofisini kwao, si kwenye bango wala kwa admini wa kikundi cha WhatsApp.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikapanda matatu ya saa kumi na mbili hadi chuoni kwenyewe, kampasi kuu. Ofisi ya msajili wakaingiza nambari yangu kwenye kompyuta. Ilikuwa ya mwanafunzi mwingine, kijana anayesomea kilimo, mwaka wa pili. Yule dada wa ofisini akaiangalia barua yangu muda mrefu, halafu akaniambia kwa upole kwamba msajili aliyeweka sahihi pale chini alishaondoka kwenye hicho cheo siku nyingi. Safari yote hiyo, nauli na kila kitu, haikufika 1,000. Ningeifanya kabla ya kulipa, hii tahadhari isingekuwepo.

Nilirudi moja kwa moja kwenye ile ofisi ya juu ya saiba. Kijana hakutoroka. Hata hakushtuka. Alinipa kiti akasema, "Madam, haya mambo ya kukaa darasani achana nayo. Ongeza 45,000, Desemba unachukua cheti na transkripti, hutahitaji mtihani." Yaani mtu umemshika na wizi anakuuzia mwingine. Na wapo watakaoona hiyo ni ofa, kwa hivyo niwakumbushe: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti ulikuta zaidi ya watu 2,000 walioingia au kupandishwa vyeo serikalini kwa vyeti ghushi, na majina yakapelekwa kwa wapelelezi. Waliouza vile vyeti sikuwasikia wakitajwa. Waliotajwa ni walionunua. Kesho yake nilipopita, mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli.

Kwa anayetaka kusoma kweli, njia zipo na si za siri. Digrii inatolewa na chuo kikuu kilichoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile watu huita CUE, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kwenye tovuti yao kuna orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na orodha ya masomo yaliyoidhinishwa kwa kila chuo. Angalia zote mbili, kwa maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi unayouziwa ikawa haimo. Chuo kinachotoa cheti au diploma za kiufundi kinasajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nao wana orodha yao. Haya yote unaweza kuyafanya kwa simu ukiwa kwenye foleni.

Na ukiweza, nenda kwa miguu yako. Sisi wa huku hatuna kisingizio cha umbali. Maseno iko pale barabara ya Busia na ina kampasi hapa mjini Kisumu. Jaramogi Oginga Odinga iko Bondo. Masinde Muliro iko Kakamega. Kibabii iko Bungoma. Wa Nakuru mna Egerton kule Njoro na mna Kabarak. Uliza dirishani: hii kozi ya wikendi ipo? Inafundishwa wapi? Karo inalipwa wapi? Maswali matatu, wakati mwingine ni dakika tano.

Kuhusu C plain yangu, ukweli niliambiwa na yule dada wa ofisi ya msajili bila malipo yoyote. Mwenye C plain anaanza na diploma, ambayo kwa kawaida inahitaji C-, na akiipita vizuri anaomba kuingia digrii, na huenda akapunguziwa baadhi ya masomo. Ni ndefu. Ila ndiyo inayofika. Hilo la uzoefu wa kazi kutambuliwa nalo si uongo mtupu: upo utaratibu wa serikali, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, wa kupima ujuzi ulioupata nje ya darasa. Lakini unapimwa. Unaonyesha kazi, unaulizwa, unafanyiwa tathmini. Huwezi kurushwa mwaka wa pili na mtu asiyejua hata floti ni nini.

Walimu wa shule, nyinyi muwe macho zaidi. Mnasoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na mabango haya huongezeka wiki mbili kabla shule hazijafungwa. Wanajua lini mko na haraka.

Jambo lingine linaloninyima usingizi kuliko hata pesa: niliwaachia nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (nambari yangu ya kodi) na cheti cha KCSE. Kama nawe uliacha, piga *106# kwenye laini ya Safaricom uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda dukani kwao ikaondolewa. Cheti halisi usimwachie mtu yeyote hata kwa usiku mmoja. Chuo cha kweli kinakiangalia na kukurudishia papo hapo.

Mnaoniuliza kama pesa inaweza kurudishwa: ukigundua mapema, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe kurudishiwa, lakini mwenye Till akishaihamisha pesa hakuna cha kuvuta. Mimi nilikuwa nimechelewa wiki nyingi. Simu na ujumbe wa matapeli ripoti kwa 333, haulipishwi. Halafu nenda polisi, uandikishe, uondoke na namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Msiseme "itasaidia nini". Till haisajiliwi hewani, ina kitambulisho cha mtu nyuma yake, na polisi wana njia ya kukiomba ambayo mimi na wewe hatuna. Kadiri tunavyokuwa wengi wenye OB dhidi ya Till moja, ndivyo inavyokuwa vigumu kusema ni ugomvi wa mteja na muuzaji.

Kikundi cha WhatsApp kilifungwa siku ile ile kufuli lilipowekwa, kwa hivyo wengi wa darasa letu siwapati. Mpaka sasa tuko saba tulioandikisha. Yule mlinzi yuko, mama wa omena yuko. Kinyozi, kama unasoma hii, tunakutafuta. Kama ulikaa kwenye vile viti vya plastiki hata Jumamosi moja, usifute ujumbe wako wa M-Pesa na usitupe ile barua hata kama inakuuma kuiangalia. Niandikie hapa. Jumatano saa tatu asubuhi tunarudi kituoni pamoja.

Na jana mteja amenionyesha bango jipya, limebandikwa upande wa Mamboleo. Nambari ya simu ni nyingine na chuo ni kingine, ila chini pameandikwa vile vile: C plain karibu.