Kamera ya USB au simu ya zamani?

Kwa mikutano ya kila siku ningechukua kamera ya USB ya Logitech C270: picha ya HD (720p), unaichomeka USB na kazi inaanza. Ila fokasi yake haibadiliki, ukiisogezea karatasi karibu maandishi yanafifia. Jioni picha hujaa chengachenga. Weka taa mbele ya uso, si mgongoni.

Simu ya Android yenye DroidCam, programu inayoigeuza simu kuwa kamera ya kompyuta, hutoa picha safi zaidi, hasa kwa kamera ya nyuma. Tumia waya: hapa Kampala umeme ukikatika ruta inazimika, na picha ya Wi-Fi nayo inapotea. Ili waya ufanye kazi, fungua Mipangilio ya simu, sehemu ya Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7, kisha kwenye Chaguo za wasanidi programu washa Utatuzi wa USB. Tafuta kishikio, na uvue kava, maana simu hupata moto.