Seti ya Nyaya na Rilei kwa Taa za Mbele za Land Rover One Ten: Tathmini ya Mtumiaji

Wamiliki wa Land Rover za zamani wanapolalamika kwamba taa zao za mbele hazimuliki mbali, ushauri wanaoupata madukani karibu kila mara ni kununua globu kali zaidi. Mimi nilianza na nyaya. Seti ninayoitathmini hapa ilinunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, ikafungwa kwenye One Ten ya mwaka 1986 inayosafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Iringa, na baada ya kuitumia nina hakika kwamba fedha ya kwanza inastahili kwenda kwenye nyaya, ya pili kwenye globu, na kwamba globu za LED za kuchomeka kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni, yaani globu ya uzi unaowaka, hazistahili hata shilingi moja.

Sababu iko ndani ya gari lenyewe. Kwenye One Ten, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983 na ambayo jamii yake ilipewa jina la Defender mwaka 1990, umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi: unatoka kwenye betri, unapanda hadi kwenye swichi ya taa, unapita kwenye mkono wa usukani unaochagua dimu au fulu, na ndipo unapoanza safari ya kwenda mbele kupitia waya wa bluu wenye mstari mwekundu kwa dimu, au wa bluu wenye mstari mweupe kwa fulu. Globu mbili za H4, aina ya halojeni yenye uzi wa dimu na uzi wa fulu, zikiwa kwenye dimu, wati 55 kila moja, huvuta zaidi ya ampia 9. Nyaya zikiwa mpya mfumo huo unavumilika, lakini katika gari lenye umri wa karibu miaka 40 kila temino iliyoshika kutu na kila unyuzi uliokatika ndani ya waya hula sehemu ya volti kabla haijafika kwenye taa. Anayetaka uthibitisho na aendeshe kwa muda akiwa amewasha taa, kisha aguse mkono wa swichi. Joto atakalolihisi pale ni umeme ambao ulipaswa kuwa mwanga barabarani.

Kabla ya kufungua chochote nilipima. Injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa kwenye dimu, multimita, yaani kipimo cha umeme, ilionyesha volti 13.8 kwenye betri na volti 11.9 tu nyuma ya taa ya kushoto. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa mtu asiyejua tabia ya halojeni, ambayo mwanga wake haupungui sambamba na volti bali hupungua kwa kasi kubwa zaidi. Globu ya H4 hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, ukiipa 11.9 inatoa takriban asilimia 70 ya mwanga wake, na mwanga huo unageuka wa manjano. Kwa hiyo theluthi nzima, au karibu yake, ilikuwa inapotea njiani, na hakuna globu ya dukani ambayo ingeirudisha.

Seti yenyewe haina jina la kampuni inayojulikana, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya tairi moja jipya la gari hilohilo. Ndani yake mlikuwa na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) mbili za ampia 30, moja ya dimu na moja ya fulu, soketi mbili za H4, kibebeo cha fyuzi, na mkono mmoja wa nyaya ulioviringishwa tepu. Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Soketi ya zamani ya taa moja huchomekwa kwenye seti na kazi yake sasa ni kuamsha rilei tu, kupitia temino 85 na 86, kwa umeme mdogo usiofika hata nusu ampia. Umeme mkubwa unaingia kwenye rilei kwa temino 30 na kutoka kwa 87 ukienda moja kwa moja kwenye globu, bila kupita tena kwenye dashibodi. Soketi ya pili ya zamani haina kazi. Inafungwa vizuri kwa tepu na kuachwa pembeni, na ikiwa siku moja rilei itakufa porini, taa zinaweza kurudishwa kwenye mfumo wa zamani kwa dakika chache.

Kilichonifurahisha zaidi ni soketi, ambazo ni za kauri wala si za plastiki. Wengi wameona soketi za plastiki zilizogeuka kahawia na kulainika nyuma ya globu, na wanajua kwamba ubovu huo ukishaanza temino hulegea, joto linaongezeka, na mwisho wake ni moshi. Rilei nazo zilifunga na kufungua kwa mlio safi tulipozijaribu kwa betri pale kaunta, jambo ambalo muuzaji aliliruhusu bila kinyongo, na namsifu kwa hilo.

Kasoro zipo, na mbili ni za kuzingatiwa. Kwanza, seti imetengenezwa kwa kudhani kwamba betri iko chini ya boneti. Betri ya One Ten iko chini ya kiti cha kushoto, na waya mkuu uliokuja na seti hauwezi kufika huko. Mimi na fundi tuliutupa, tukachukua umeme kwenye temino kuu ya altaneta kwa waya mpya wa milimita za mraba 4, njia ambayo kwa gari hili ni bora hata kama waya ungetosha, kwa sababu altaneta ndicho chanzo cha umeme wakati injini inafanya kazi. Pili, na hili ni zito zaidi, seti ina fyuzi moja kwa taa zote. Fyuzi hiyo ikikatika katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dimu na fulu zinazimika kwa pamoja, na dereva anabaki gizani. Nilinunua kibebeo cha pili ili dimu iwe na fyuzi yake ya ampia 15 na fulu iwe na yake, zote zikiwa karibu kabisa na mahali umeme unapochukuliwa. Sielewi kwa nini mtengenezaji alibana gharama hapo.

Vipete vya ethi, yaani vya waya zinazorudisha umeme kwenye bodi, pia vilikuwa vimebanwa kwa ulegevu, tukavibana upya na kuvilehemu kwa risasi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na bolti zake ni za chuma, mchanganyiko unaoleta kutu haraka palipo na unyevu, hivyo haifai kuamini ethi iliyofungwa popote. Tulikwangua rangi, tukafunga, tukapaka grisi, na kuongeza waya mmoja wa ethi kutoka taa zote mbili hadi kwenye injini. Rilei ziliwekwa juu, upande wa ndani wa mbawa (madigadi), temino zikielekea chini ili maji ya mtoni yasitulie ndani.

Baada ya kazi hiyo, multimita ilisoma volti 13.5 nyuma ya taa zote mbili. Kwa globu zilezile za zamani, hilo ni ongezeko la mwanga la takriban nusu ya uliokuwapo. Kwenye barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako pundamila na twiga huvuka wakati wowote wapendao, ongezeko hilo lina maana kubwa: sasa naona macho ya mnyama kando ya lami mapema, na naona pia kiwiliwili chake, ambacho ndicho kinachoonyesha anaelekea wapi.

Kuhusu globu, fundi alikuwa na maoni yake. “Bosi, tufunge za wati 100 tu, utaona mwenyewe,” aliniambia, na wenye kufikiri hivyo ni wengi. Nilikataa. Globu ya wati 100 kwa 90 huvuta umeme zaidi kwa karibu theluthi mbili, huchoma rifleta, yaani bakuli la ndani linalorudisha mwanga, polepole hadi mng'aro wake unapofifia, na huwaumiza macho madereva wanaokuja mbele. Nilichagua H4 za kawaida za wati 60 kwa 55 za Osram. Zile zinazotangazwa kuongeza mwanga kwa asilimia 100 au zaidi si uongo mtupu, lakini asilimia hizo ni za sehemu fulani ya barabara zikilinganishwa na kiwango cha chini cha sheria, na uhai wake ni mfupi. Kwa gari lenye volti nzuri nyuma ya taa, uhai huo unapungua zaidi: volti ikizidi kwa asilimia 5, globu ya halojeni hupoteza karibu nusu ya maisha yake.

LED za kuchomeka nilizijaribu kwenye gari la rafiki na sizipendekezi. Ndani ya H4 kuna kikinga kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, nacho ndicho kinachochora mpaka wa mwanga barabarani. Rifleta ilichongwa kufuata mahali hasa ulipo uzi ule. LED nyingi hazikai mahali pale, na matokeo yake ni weupe mwingi karibu na bampa, giza kule mbali, na mng'aro machoni mwa wenzako.

Anayebadilisha taa nzima aangalie kioo chake. Taa zenye alama ya E ndani ya duara zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia hazina mshale, na zikifungwa Tanzania, Kenya au Uganda huinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Za nchi zetu, zinazoendesha upande wa kushoto, zina mshale. Kisha taa zipangwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida: kwenye ukuta ulio umbali wa mita 10, mpaka wa dimu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kimo cha katikati ya taa.

Wenye Land Cruiser za zamani wasinunue seti hii bila kuuliza. Katika nyingi ya hizo swichi hukata upande wa ethi, si upande wa chanya, kwa hiyo seti ambayo rilei zake hutegemea ethi ya bodi haitafanya kazi. Inatakiwa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Toyota. Na kwa gari lolote, kabla ya kulipa, kwangua unyuzi mmoja wa waya kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe. Nyuzi za seti yangu zilikuwa shaba tupu.