Bendi inayojua kunyamaza: Red Headed Stranger ya Willie Nelson

Sisi tuliokua tukisikia muziki wa kantri redioni, kwa sauti za Jim Reeves na Kenny Rogers, tumezoea kuupata ukiwa umevishwa vizuri: fidla nyingi zinapanda pamoja, waitikiaji wanamzunguka mwimbaji, na kila pengo limezibwa. Ndiyo maana albamu ya Willie Nelson ya mwaka 1975, Red Headed Stranger, humshtua msikilizaji tangu dakika ya kwanza. Humo mna gitaa, sauti ya mtu mmoja, na nafasi kubwa tupu ambayo hakuna mpigaji aliyeona haja ya kuijaza. Nimeisikiliza kwa miaka mingi, na naamini kwamba nafasi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na bendi yake.

Nelson, mzaliwa wa Abbott, Texas, alikwisha kujulikana Nashville, mji ulio kitovu cha muziki wa kantri, kama mtunzi hodari. Wimbo wa "Crazy" ulioimbwa na Patsy Cline mwaka 1961 ni wake. Kama mwimbaji, hata hivyo, aliteseka. Desturi ya Nashville ilikuwa kwamba mwimbaji aingie studio peke yake, akute wapigaji wa kulipwa waliokwisha kupangwa, kisha wakubwa wa kampuni waongeze fidla na waitikiaji yeye akiwa ameshaondoka. Bendi aliyosafiri nayo, ile iliyozijua nyimbo zake kwa kuzipiga usiku baada ya usiku, ilibaki nje ya mlango. Alirudi Texas mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aliposaini na kampuni ya rekodi ya Columbia alidai jambo moja lililokuwa geni kwa wasanii wa kantri wa wakati ule: kauli ya mwisho juu ya kazi yake mwenyewe.

Januari 1975 aliichukua bendi yake hadi studio ya Autumn Sound, katika mji wa Garland karibu na Dallas, wakairekodi albamu nzima kwa siku chache na kwa gharama inayotajwa kuwa takribani dola 4,000. Kwenye piano alikuwapo dada yake, Bobbie Nelson, ambaye walipiga pamoja tangu utotoni. Paul English alishika ngoma, Bee Spears besi, Jody Payne gitaa, na Mickey Raphael harmonika. Baadhi ya wakuu wa Columbia waliposikia matokeo walidhani wameletewa rekodi ya majaribio inayosubiri kukamilishwa, lakini mkataba uliwafunga mikono, na albamu ikatoka kama ilivyo.

Kisa chake ni kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhubiri mmoja anaachwa na mkewe kwa ajili ya mwanamume mwingine. Anawafuata, anawaua wote wawili, kisha anatangatanga juu ya farasi wake akiwa amebeba majonzi na hatia. Nelson hakutunga nyimbo zote. Nyingi ni za watu wengine, baadhi zikiwa za zamani sana, naye amezishona kwa vipande vyake vifupi, hasa "Time of the Preacher", unaorudi tena na tena kama kiitikio cha mtambaji hadithi anayetukumbusha tulipofikia. Ushonaji huo ndio unaonivutia, kwa sababu wimbo wa mapenzi uliokuwa ukijitegemea unageuka, ukiwekwa mahali pake ndani ya kisa, kuwa ungamo la muuaji.

Mfano ulio wazi ni "Blue Eyes Crying in the Rain" wa Fred Rose, uliokuwa na umri wa miaka thelathini hivi wakati huo. Sauti ya Nelson inaingia karibu sana na sikio, kavu, nyuma kidogo ya mapigo, kama mtu anayesita kabla ya kutamka kila neno. Katikati anapiga gitaa lake la Martin lenye nyuzi za nailoni, ambalo amelipa jina Trigger, na hafanyi madoido yoyote: anaufuata tu mkondo wa sauti, anaacha nota moja ife, ndipo anagusa nyingine. Sikiliza wenzake wanafanya nini wakati huo. Karibu hawafanyi kitu. Mpigaji wa kukodiwa asubuhi hiyo angeona aibu kulipwa kwa kunyamaza kiasi hicho, lakini hawa walikwisha kumsindikiza barabarani na walijua pumzi yake inaishia wapi. Wimbo huo ndio uliompa Nelson nafasi ya kwanza katika chati za kantri kwa mara ya kwanza akiwa mwimbaji, pamoja na tuzo ya Grammy.

Bobbie anapata nafasi yake baada ya mauaji, na hapo ndipo mimi huacha kila ninachofanya. Anapiga peke yake tenzi ambayo Wakristo wengi wa kwetu wanaijua kama "Hivi Nilivyo", bila neno hata moja kuimbwa, kwa mkono wa mtu aliyeizoea kanisani. Anayeyajua maneno yake atayaweka mwenyewe, na atafahamu kwamba mhubiri yule sasa anahitaji rehema aliyokuwa akiwahubiria wengine.

Siwezi kuisifu yote kwa kiasi sawa. Upande wa pili wa santuri una vipande kadhaa vya ala tupu ambavyo, ingawa vinapendeza, vinaiacha hadithi ilegee, hata msikilizaji asijue kwa hakika mhubiri amefikaje kwenye faraja ya "Hands on the Wheel". Tena, wimbo uliobeba jina la albamu unanisumbua: mwanamke wa pili anauawa kwa kugusa farasi tu, na simulizi linamwachia muuaji aende zake kwa hoja kwamba mwanamke huyo alikuwa mwizi. Nelson anaimba hayo kwa utulivu uleule, bila kulaani wala kusifu, nami nimeshindwa kuuzoea utulivu huo mahali hapo. Marehemu huyo alistahili walau kipande kifupi cha piano.

Anayeitaka albamu hii aisikilize kwa mpangilio wake, bila kuchanganya nyimbo, kwa dakika thelathini na tatu hivi inazochukua. Kuuchomoa wimbo mmoja ni kung'oa ukurasa. Aangalie pia toleo analonunua au kupakua, kwa sababu lile la mwaka 2000 limeongezewa nyimbo mwishoni, ukiwamo mmoja wa Hank Williams. Ni nyimbo nzuri, lakini mimi huzima kabla hazijaanza. Kisa kinaishia kwenye "Bandera", kipande kifupi cha gitaa kisicho na maneno, na baada yake sitaki kusikia sauti nyingine.