Nyumba ya Kiswahili, Lamu: makumbusho ya kuingia polepole

Mgeni anayeshuka gatini Lamu huelekezwa kwanza kwenye Ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, au kwenye makumbusho makubwa yaliyo ukingoni mwa bahari. Mimi namshauri asiondoke kabla ya kuiona nyumba moja ndogo iliyofichika vichochoroni, ambako punda mwenye mzigo akija huna budi kujibana ukutani. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18, iliyokarabatiwa na kutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji mzima umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, lakini sijaona pengine panapoeleza kwa uwazi kama hapa namna matajiri wa Lamu walivyokaa majumbani mwao.

Samani na vyombo vimo, navyo vinapendeza, ila sikuvifuata hivyo. Kinachoonyeshwa hasa ni mpango wa nyumba, na mpango huo umejengwa juu ya sitara. Mlangoni pana daka, yaani kibaraza cha kuingilia, lenye baraza za kukalia, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wanaume waliomjia bila wao kuvuka kizingiti. Ukivuka unaingia tekani, kiukumbi kinachozuia jicho la mpita njia lisifike ndani, kisha kiwanda, uwanja usio na paa unaogawa mwanga na hewa kwa nyumba nzima. Baada ya hapo vyumba vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na mwisho kabisa nyumba kati. Tini na yuu ni chini na juu kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na majina hayo yana maana yake, kwa kuwa kadiri unavyoingia ndani ndivyo sakafu inavyoinuka kidogo kidogo, huku mwanga ukipungua. Anayekwenda mbio na simu mkononi hataigundua hatua hiyo ndogo mpaka ajikwae. Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zito la mawe na chokaa limelazwa juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti.

Ukutani mwa chumba kile kiitwacho ndani ndimo zilimo zidaka, vishubaka vya ukutani, safu kwa safu, zilizochongwa kwa plasta ya chokaa, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Hoteli niliyofikia safari hiyo, ambayo sitaitaja, ilikuwa na zidaka za saruji nyuma ya televisheni, na mhudumu akanieleza kwamba ni mapambo tu. Ukisimama mbele ya zile za zamani unaelewa kwamba zilikuwa tangazo la heshima ya ukoo, na kwamba ziko hapo si kwa bahati, kwani nyuma ya ukuta huo ndiyo nyumba kati, mahali ambapo wanawake walijifungua na maiti walioshwa.

Nilikaa muda mrefu zaidi chooni, jambo ambalo silioni aibu kulisema. Katika birika, yaani matangi ya maji, za nyumba kama hii walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri lilipachikwa sakafuni mwa birika ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuogelea. Sijui fundi yeyote wa leo anayefikiria hadi hapo.

Jambo moja mgeni alibebe mwenyewe kichwani anapotembea: nyumba ya mawe ilikuwa ya mwenye nacho, na sehemu kubwa ya kazi zake ilifanywa na watumwa. Jiko la nyumba hizi, kidari cha meko, lilikuwa juu kabisa, ili moshi na joto visiwasumbue waliokaa chini. Kuni na maji vilipandishwa ngazi hizo kila siku na watu ambao majina yao hayamo katika kidaka chochote.

Nendeni asubuhi, jua likiwa linaingia kiwandani, mpange saa moja kamili, na mwulize mtunzaji maswali kwa Kiswahili.