Unatengenezewa tovuti ya biashara? Njia nne, kuanzia ninayoipendekeza hadi ninayoikwepa

Mteja mmoja alinipigia simu asubuhi akihema: tovuti haifunguki, baruapepe za ofisi nzima zimekufa. Nikaangalia, domeini, yaani jina la tovuti mtandaoni, imekwisha muda. Jambo la kulipia tu. Tukaingia kwa msajili, kampuni inayosajili domeini, nenosiri hakuna anayelijua, tukaomba jipya. Kiungo kikatumwa kwenye baruapepe ya fundi aliyejenga tovuti miaka minne nyuma, na baruapepe hiyo ilikuwa chini ya domeini ileile iliyokufa. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Fundi mwenyewe alishabadilisha namba. Tulihangaika siku kumi na moja na vyeti vya biashara mpaka msajili akaturudishia.

Tangu hapo, mtu akiniuliza atengenezewe tovuti kwa njia ipi, sianzi na bei. Naangalia siku akiachana na aliyemjengea, ataondoka na nini mkononi. Nimezipanga njia hizi kwa kigezo hicho.

Ila kwanza ujue unanunua vitu vitatu, hata kama ankara ni moja: domeini, yaani jina, nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, yaani kiwanja, na tovuti yenyewe, ndiyo nyumba. Nyumba ikibomoka utajenga nyingine. Jina likienda, kadi, mabango na baruapepe vimekwenda nalo. Domeini haiuzwi ikawa yako daima. Inasajiliwa kwa miaka, na inayoishia na .com haizidi miaka 10 kwa wakati mmoja. Ukiiacha ikafutwa, kuna siku 30 za kuikomboa, kwa kawaida kwa gharama kubwa kuliko ada ya mwaka, kisha inarudi sokoni na yeyote anaichukua. Kwa hiyo isajili mwenyewe, kwa jina la biashara, kwa baruapepe isiyotegemea domeini hiyo. Ni kazi ya robo saa. Fundi akikwambia "niachie mimi," mshukuru, kisha uifanye mwenyewe.

Namba moja kwangu ni fundi wa kujitegemea anayekujengea kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, kwenye seva uliyoilipia wewe. WordPress ipo tangu 2003, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na mafundi wake wamejaa kila kona. Huyu akikushinda, mwingine anaanzia alipoishia. Udhaifu wake ni matunzo. Tovuti ya namna hii huwa na plagini kadhaa, yaani programu ndogo za kuongezea kazi, moja ya fomu, moja ya picha, moja ya malipo, na plagini iliyoachwa bila kusasishwa ndiyo mlango ambao wadukuzi wanaupenda. Uliza kabla ya kulipa: nani atasasisha, kila baada ya muda gani, kwa shilingi ngapi? Na bekapu, yaani nakala za akiba, zinakaa wapi? Bekapu iliyo kwenye seva ileile si bekapu, seva ikiungua vinaungua vyote.

Namba mbili, kujijengea mwenyewe kwa huduma za mtandaoni kama Wix au Squarespace, au Shopify kama unauza bidhaa. Unalipia kila mwezi au mwaka, seva na usalama ni juu yao. Kwa biashara inayohitaji kurasa tano na namba ya simu, pengine ningeipandisha hadi juu kabisa. Tatizo ni kuhama. Tovuti ya Wix huwezi kuibeba ukaiweka kwenye seva nyingine. Unaondoka na maandishi na picha, ukaanze upya. Shopify angalau inakupa faili ya bidhaa na wateja wako.

Namba tatu, kampuni ya kutengeneza tovuti. Unapata mbunifu, mwandishi na mtaalamu wa programu chini ya paa moja, na ukiwa na duka kubwa utawahitaji. Lakini baadhi hujenga kwa mfumo wao wenyewe, na siku ukiacha kulipa kila mwezi unagundua ulikuwa mpangaji. Soma kipengele cha hakimiliki. Katika nchi nyingi, kazi ya mtu ambaye si mwajiriwa wako hubaki yake mpaka aandike kwamba amekukabidhi. Risiti haitoshi.

Namba nne, kuandikiwa programu ya tovuti nzima kutoka mwanzo, bila mfumo uliokwisha kutengenezwa. Kama biashara yako yenyewe si programu, usihangaike.

Kuna pia mpwa anayejua kompyuta, bure. Simhesabu. Rahisi ghali.

Njia yoyote utakayochagua, ikague kwa simu ya kawaida na bando la kawaida, si kwa kompyuta ya fundi yenye intaneti ya kasi. Google inaangalia tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, na inashauri sehemu kuu ya ukurasa iwe imetokea ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi mkosaji ni picha ya juu: imetoka kwenye kamera na uzito wa MB 6, ikabanwa ionekane ndogo tu. Ipunguzwe kwelikweli, KB 200 zinatosha.

Angalia na ankara. Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, kinapatikana bure kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, tangu 2015. Ukikiona kimewekewa bei nono, uliza kwa nini. Na anayekuahidi nafasi ya kwanza Google anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuihakikisha.

Malipo yagawe kwa awamu, na ya mwisho isubiri siku ya makabidhiano. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo njoo na daftari: msajili, seva, sehemu ya kuendeshea tovuti, akaunti za takwimu. Ingia kwenye kila moja kwa simu yako, fundi akiwa ameketi hapohapo. Badilisha nenosiri, badilisha namba ya kurejeshea akaunti iwe yako, toka, kisha ingia tena. Zikifunguka zote, mtumie salio lake.