Removed ya Naomi Uman: kumfuta mtu kwa rangi ya kucha

Mtengenezaji filamu wa Marekani, Naomi Uman, alichukua kipande cha filamu ya ngono ya Ulaya ya miaka ya 1970, akamfuta mwanamke. Hiyo ndiyo Removed (1999), filamu ya milimita 16 yenye urefu wa dakika 6 hivi. Wanaume wamebaki, sauti zimebaki. Mwili wa mwanamke umekuwa tundu jeupe linalochezacheza. Hata hivyo, usiiwashe sebuleni mbele ya wakwe.

Vifaa ni rangi ya kucha na jiki. Mantiki yake ni ya mtu wa batiki: unafunika unachotaka kibaki. Rangi hupakwa kila mahali isipokuwa juu ya mwanamke, kisha mkanda huingizwa kwenye jiki. Jiki hula gelatini inayobeba picha, na palipokuwa wazi hubaki plastiki tupu. Sasa piga hesabu: picha 24 kwa sekunde, kwa dakika 6, ni picha 8,640, na kila moja ina upana wa milimita 10 tu na kimo cha 7.5 hivi.

Katika udogo huo mkono hauwezi kufuata mpaka uleule mara mbili. Weupe unavimba, unasinyaa, unatetemeka, na aliyefutwa ndiye ambaye jicho halimwachii. Programu ya kompyuta ingetoa ukingo safi, na kazi ingekufa papo hapo. Dosari ni kwamba wazo lenyewe linaeleweka mapema. Baada ya hapo unatazama ufundi.

Anayetaka kujaribu aanze na mkanda wa kutupa. Rangi ikiwa nyembamba, jiki hupenya chini yake na ukingo hubambuka. Ukikawia kuusuuza mkanda, utando wote unaondoka. Chunga pia ukanda wa sauti ulio pembeni: tone likiufikia, spika zitakwaruza, tena sekunde moja na kidogo baada ya picha iliyo kando ya doa kupita, kwa sababu sauti ya milimita 16 hutangulia picha yake kwa picha 26. Jiki isikutane kamwe na dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni, maana huzaa klorofomu. Madirisha wazi, glavu mkononi.

Ukipata nafasi, itazame kwa projekta. Lile tundu ni plastiki angavu, kwa hiyo mwanga wa taa hupita bila kizuizi na kuligonga pazia la sinema. Mwanamke huyo anang'aa kuliko kila kitu chumbani. Nakala za intaneti, zilizobanwa ili faili liwe dogo, humtia ukungu, kwa kuwa kila picha hutofautiana na iliyotangulia na mbano haulimudu badiliko hilo. Kwenye simu anabaki doa jeupe tu.